Siku ya familia ya kutazama ndege viwanjani Arusha: mwongozo kamili kwa wazazi wenye watoto wadogo

Arusha haina makumbusho ya ndege. Mzazi anayetamani kuwaonyesha wanawe ndege za zamani zilizopangwa ndani ya banda kubwa, kila moja ikiwa na kibao cha maelezo, hatazikuta kwenye makumbusho ya viumbe pale Boma la Mjerumani wala katika Makumbusho ya Azimio la Arusha. Tulicho nacho ni viwanja vya ndege vinavyofanya kazi: Kisongo, magharibi mwa mji kando ya barabara ya Dodoma, Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA), katikati ya Arusha na Moshi, na kiwanja kidogo cha zamani cha Moshi. Mwongozo huu ni kwa familia yenye watoto wa kati ya miaka mitatu na tisa, na msimamo wake ni huu: kwa watoto wa umri huo, ndege ndogo moja inayoandaliwa na rubani wake umbali wa kutosha kuonekana vizuri ina mafunzo mengi kuliko ndege kubwa kumi zinazoonekana kwa mbali. Ndiyo maana maelezo mengi hapa yanahusu Kisongo.

Chagua kiwanja kimoja kwa siku

Familia nyingi hupanga kuona Kisongo asubuhi na KIA mchana, na mpango huo huonekana mzuri mpaka msafara unapokwama kwenye foleni ya mjini na mtoto mdogo ameshalala begani. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna zaidi ya kilomita 50, na njia inakatiza au inazunguka mji. Chagua kimoja, kingine kisubiri siku nyingine.

Kisongo ni kiwanja cha ndege za safari. Hapo hutawala Cessna Caravan, ndege ya injini moja yenye bawa juu ya mwili na magurudumu yasiyokunjwa, ambayo huwapeleka watalii Serengeti, Manyara na kwingineko. Pamoja nazo huja ndege za abiria zenye propela mbili, kama ATR za Precision Air, kampuni iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1990 hapa hapa kaskazini kwa ndege ndogo za kukodi. Jengo la abiria ni dogo, mwendo wa kutembea ni mfupi, na mtoto haoni tu ndege bali pia watu wanaoihudumia: anayepima mizigo, anayejaza mafuta, anayeongoza ndege kwa mikono.

KIA ni jambo jingine kabisa. Kilifunguliwa mwaka 1971 kikiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600, kwa ajili ya ndege kubwa zinazotoka Ulaya na Mashariki ya Kati. Ukubwa huo ndio uzuri wake, na ndio pia udhaifu wake kwa mtoto wa miaka minne, kwa kuwa vitu vingi viko mbali na kati ya ndege moja na nyingine kunaweza kupita muda mrefu mtupu.

Siku na saa

Ndege za safari huondoka mapema. Hewa ya asubuhi ni baridi na nzito, na hewa nzito hubeba bawa vizuri zaidi. Jambo hilo lina uzito Kisongo, kiwanja kilicho kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,390 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Abiria nao wanataka kufika hifadhini kabla jua halijawa kali. Kwa sababu hizo, muda wenye shughuli nyingi kwa kawaida ni kati ya saa moja na nusu na saa nne asubuhi. Fika mapema, kaa saa mbili au pungufu, kisha ondoka wakati watoto bado wanataka kuendelea. Mtoto aliyeondolewa akiwa na hamu ataomba kurudi, ilhali aliyekaa mpaka akachoka atakumbuka jua na kiu tu.

Miezi mizuri zaidi ni Juni hadi Oktoba, msimu mkubwa wa watalii, ikifuatiwa na Desemba hadi Februari. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kambi nyingi za hifadhini hufungwa, ndege hupungua, na tope la Arusha halina haja ya kuelezwa kwa mtu wa Arusha. Kumbuka pia kwamba Juni na Julai asubuhi huwa na baridi na mawingu mazito yanayoufunika Mlima Meru. Watoto wavae sweta hata kama mchana utakuwa na jua. Siku ya juma haina athari kubwa, kwa sababu watalii hawana Jumapili, ingawa kwa familia nyingi Jumamosi ndiyo inayowezekana.

Ruhusa, simu na kamera

Hapa pasomwe kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Kiwanja cha ndege ni eneo la ulinzi. Familia isiyosafiri inaruhusiwa kuwa mahali wanaporuhusiwa wasindikizaji na wapokeaji wa wageni tu, yaani nje ya jengo la abiria, kwenye maegesho na sehemu za vinywaji zilizo upande wa umma. Usisimame kando ya uzio wa njia ya kurukia, usiwapandishe watoto kwenye uzio, wala usifuate njia za shambani zinazopita nyuma ya kiwanja ukidhani hakuna anayekuona.

Ukifika, nenda moja kwa moja kwa mlinzi au askari wa zamu kabla hajakufuata yeye. Maneno machache ya heshima yanatosha: «Habari za kazi, afande. Tumekuja na watoto kutazama ndege. Tunaruhusiwa kukaa upande gani?» Akiwa mtu mzima kuliko wewe, watoto wamwamkie shikamoo. Hili si suala la adabu peke yake: mlinzi anayejua kwa nini mko pale hatapata wasiwasi mtoto atakapoanza kunyoosha kidole na kupiga kelele kila ndege inapopita, na mara nyingi atawaelekeza sehemu yenye kivuli.

Kuhusu picha, uliza kabla ya kutoa simu mfukoni. Kupiga picha za viwanja vya ndege, mitambo ya ulinzi na askari kunaweza kukuingiza matatizoni hapa nchini, na jibu la «ni kwa ajili ya mtoto» halimlazimu mtu kukubali. Ukiruhusiwa, piga picha za watoto wako, ndege iwe nyuma yao, na uepuke kuwapiga askari na milango ya ukaguzi. Droni iache nyumbani. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na karibu na kiwanja cha ndege ni hatari ya kweli kwa maisha ya watu.

Iwapo mnakwenda wengi, kwa mfano familia kadhaa za mtaa mmoja au darasa la shule ya Jumapili, msiende kwa kushtukiza. Andikeni barua kwa meneja wa kiwanja, kupitia Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, mkitaja idadi ya watoto, umri wao, majina ya watu wazima watakaowasimamia na tarehe mnayopendekeza. Ombeni katika barua hiyo hiyo kuonyeshwa gari la zimamoto. Watoto wengi hulipenda gari hilo kuliko ndege, na hakuna haja ya kusikitika kwa hilo.

Maandalizi ya nyumbani

Siku mbili tatu kabla ya safari, fanyeni jaribio moja tu, nalo ni la karatasi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi wenye urefu wa kiganja, mtoto aushike chini ya mdomo wake, karatasi ikining'inia mbele, kisha apulize kwa nguvu juu ya karatasi. Karatasi itainuka badala ya kushuka. Usimweleze fizikia yote. Mwambie kwamba hewa inayokimbia juu ya bawa nayo husaidia kulinyanyua, na kwamba ndiyo sababu ndege hulazimika kukimbia kwanza kabla ya kuruka. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo linatosha, na atalikumbuka atakapoiona Caravan ikikimbia.

Jambo la pili ni kumwandaa kwa kelele. Mtoto ambaye hajawahi kusikia injini ya ndege kwa karibu anaweza kulia kwa hofu mara ya kwanza, na kilio hicho kinaweza kuimaliza safari nzima. Mfundishe kuziba masikio kwa viganja, mfanye mchezo: ukisema «injini!», wote mnaziba. Kwa mtoto mchanga, kinga ya masikio ya kuvaa kichwani ni bora zaidi kuliko pamba.

Tatu, tengeneza daftari dogo. Ukurasa wa kwanza chora ndege kutoka ubavuni, bila mkia na bila magurudumu. Mtoto atavimalizia akiwa kiwanjani baada ya kuangalia vya kweli. Kurasa zinazofuata ziachwe kwa ajili ya herufi, ambazo nitazieleza baadaye.

Vya kubeba

Maji ya kutosha, kofia, sweta, kanga au kitenge cha kukalia, daftari na penseli, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na chakula kisichomwagika: maandazi, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa. Vinywaji vya viwanja vya ndege huwa na bei ya kitalii. Mfuko wa takataka usisahaulike, na si kwa ajili ya usafi tu. Mabaki ya chakula huwavuta mwewe na korongo, na ndege wa manyoya ni adui mkubwa wa ndege za chuma.

Kwa watoto wakubwa kidogo mfano uko hapa hapa kaskazini. Mwaka 1959 Michael Grzimek, mtafiti kijana kutoka Ujerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alifariki baada ya ndege yake ndogo, iliyopakwa milia ya punda milia, kugongana na tai mzoga. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mtoto wa miaka minane akishasikia habari hiyo, hatahitaji kukumbushwa kuokota ganda la ndizi.

Kufika Kisongo

Mwenye gari binafsi afuate barabara ya Dodoma na kuegesha mahali palipopangwa tu. Wanaotumia daladala wapande zinazokwenda Kisongo na kushuka njia panda ya kiwanja. Kutoka hapo mtu mzima hutembea bila shida, lakini mwenye mtoto wa mgongoni na mwingine wa mkononi achukue bajaji. Bodaboda ya kupakiza watoto wawili na mzazi siishauri, hata kama ndivyo wengi wanavyofanya.

Vya kutazama, kwa mpangilio wake

Kosa la kawaida ni kumwonyesha mtoto kila kitu kwa wakati mmoja. Kila ndege inayokuja mpe kitu kimoja cha kukiangalia, ukifuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Anza na ndege iliyoegeshwa. Caravan ikiwa imepumzika, propela yake mara nyingi hufungwa kamba ili upepo usiizungushe, na matundu ya injini huzibwa vizibo vya rangi kali, aghalabu nyekundu, ili vumbi na wadudu wasiingie. Muulize mtoto: nani atakuja kuvitoa? Baada ya muda atatokea rubani, naye ataizunguka ndege yote kwa miguu. Atagusa matairi, ataangalia ukingo wa bawa, ataipapasa propela, na huenda akachuruza mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwenye kikombe kinachoonyesha kilichomo, ili aone kama kuna maji yaliyojichanganya. Kwa maoni yangu, dakika hizo chache ndizo zenye thamani kuliko zote katika siku hiyo. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi aangalie kama viatu vyake vimefungwa anamwona mtu mzima, mwenye sare na mabega yenye mistari, akiangalia gurudumu moja baada ya jingine kabla ya kuondoka.

Kisha tazameni mizigo. Kwenye ndege ndogo za safari kila abiria kwa kawaida huruhusiwa kilo 15 tu, tena katika mabegi laini, kwa sababu begi gumu haliingii kwenye sanduku la mizigo lililo tumboni mwa ndege. Wakati mwingine hata abiria wenyewe hupimwa. Watoto hufurahi sana kusikia kwamba mtu mzima anaweza kupandishwa kwenye mizani kama gunia la maharage, na hapo ndipo pa kueleza kwamba rubani hujumlisha uzito wa watu, mizigo na mafuta kabla hajakubali kuondoka.

Injini inapowashwa, zibeni masikio kama mlivyofanya mazoezi. Kwanza husikika mluzi unaopanda polepole, kisha propela huanza kuzunguka kivivu, na punde haionekani tena isipokuwa duara la kivuli. Mkumbushe mtoto kwamba kutoonekana hakumaanishi kutokuwepo. Ndiyo sababu hakuna mtu anayepita mbele ya ndege yenye injini inayonguruma. Ikiwa kuna ATR, mtoto mwenye macho makali anaweza kugundua ajabu moja: injini ya kulia hunguruma ilhali propela yake imesimama. Si ubovu. ATR ina breki ya kuishikilia propela hiyo ili injini itoe umeme na hewa kwa abiria wakati ndege imeegeshwa.

Sasa herufi. Kila ndege imeandikwa namba ya usajili ubavuni au mkiani, na mwanzo wa namba hiyo hutaja nchi yake. Ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X. Kisongo mtaona 5H nyingi mno, na 5Y mara moja moja. Mtoto anayejua kusoma aandike zote kwenye daftari. Asiyejua ahesabu tu na kuchora alama. Huu ndio mchezo unaowatuliza watoto wakati hakuna ndege inayotembea, na kiwanjani nyakati hizo ni nyingi.

Angalieni pia mfuko wa kitambaa ulioning'inizwa kwenye mlingoti kando ya njia ya kurukia. Ukijaa upepo, mdomo wake huelekea upepo unakotoka, na ndege huruka na kutua ikiwa imeukabili upepo huo, kwa sababu upepo wa mbele hulipa bawa hewa ya ziada na kufupisha mbio. Mwachie mtoto atabiri: ndege hii itakimbilia upande gani, kwenye mlima au kinyume chake? Akipatia mara mbili, atajiona mwongoza ndege.

Mwisho ni taa. Ncha ya bawa la kushoto, ukihesabu kwa upande wa rubani, ina taa nyekundu, na ya kulia ina taa ya kijani, kama ilivyo kwa meli baharini. Asubuhi yenye mawingu huonekana vizuri. Ukiona nyekundu upande wako wa kulia na kijani upande wako wa kushoto, ndege hiyo inakuja uliko wewe.

Habari ya kusimulia wakati wa kusubiri

Kati ya ndege moja na nyingine, wasimulie tukio lililotokea hapo hapo mnapoketi. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda KIA, ikiwa na abiria zaidi ya 200, ilitua Kisongo. KIA wakati huo ilikuwa na ndege ndogo iliyoharibika kwenye njia ya kurukia, ndege hiyo kubwa ikawa inasubiri angani, na hatimaye ikashuka kwenye kiwanja kisichokuwa chake. Njia ya kurukia ya Kisongo wakati huo ilikuwa na mita zipatazo 1,620, chini ya nusu ya ile ya KIA. Ilisimama ikiwa imetoka kwenye lami na kuingia kwenye majani, na hakuna aliyeumia. Siku chache baadaye, ikiwa imepunguzwa uzito na bila abiria, iliruka kutoka kwenye njia hiyo hiyo fupi.

Watoto huuliza maswali mazuri baada ya kusikia hayo. Iliwezaje kuruka? Kwa sababu ndege tupu ni nyepesi, na nyepesi huhitaji mbio fupi; mnarudi kwenye mizani ya mizigo mliyoiona asubuhi. Waambie wapime kwa hatua: kutoka benchi mlilokaa mpaka getini ni hatua ngapi, na je, ingehitajika mara ngapi kufika mita 1,620? Jibu kamili si muhimu.

Uchovu, choo na machozi

Nenda na mtu mzima mmoja kwa kila watoto wawili, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu mtu wake peke yake. Eneo la maegesho ndilo lenye hatari kuliko yote, maana magari ya watalii huingia na kutoka kwa haraka na madereva huwa wanatazama mizigo. Huko mtoto ashikwe mkono wakati wote. Muonyeshe choo mara mnapofika, si pale atakapobanwa. Akianza kulia kwa ajili ya kelele, mpeleke nyuma ya jengo, mnyweshe maji, msubiri. Akilia mara ya pili, rudini nyumbani bila kumlaumu. Mwakani atakuwa mtu mwingine.

Ikiwezekana, mchukue babu au bibi. Wazee wengi wa Arusha na Moshi wanakumbuka East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania lililoanza kuruka mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, mwaka ambao Air Tanzania ilizaliwa. Hata kama mzee mwenyewe hakupanda, atakumbuka nani alipanda na mtaa mzima ulimsindikiza vipi.

Safari ya pili: KIA

Baada ya Kisongo, watoto wakiwa wameshazoea kelele na herufi, KIA huwa na maana zaidi. Nafasi nzuri ni siku mnayompokea au kumsindikiza ndugu, kwa kuwa mtakuwa na sababu ya kuwapo na mtajua saa ya ndege yenu. Angalia ratiba siku hiyo hiyo, maana hubadilika. Ndege ya KLM kutoka Amsterdam, ambayo watu wengi hutamani kuiona, kwa miaka mingi imekuwa ikitua giza likishaingia, muda ambao mtoto wa miaka minne anapaswa kuwa kitandani. Chagueni ndege ya mchana.

Wanaokwenda kwa basi dogo la Arusha na Moshi watashuka njia panda ya KIA, na kutoka barabara kuu mpaka kiwanjani kuna kilomita zipatazo 6, hivyo mpange usafiri wa kipande hicho mapema. KIA iko chini kuliko Arusha kwa karibu mita 500, na joto na vumbi lake watu wa Hai wanalijua. Sweta za Kisongo hapa ni mzigo tu. Ukiwahi asubuhi, Kilimanjaro huenda ukaonekana kabla mawingu hayajaufunika.

Kwenye daftari ongezeni herufi mpya: PH ni Uholanzi, ET ni Ethiopia, A7 ni Qatar. Mkiona twiga mkiani, hiyo ni Air Tanzania. Watoto walinganishe ndege za propela na zile za jeti, zenye injini kama mitungi zinazoning'inia chini ya bawa, kisha waangalie magurudumu yanavyokunjwa baada ya kuruka: ya Dash 8, ndege nyingine ya propela mbili, huingia kwenye nyumba za injini, ya ATR huingia ubavuni mwa tumbo, na yale ya Caravan waliyoiona Kisongo hayaendi popote.

Kwa wakazi wa Moshi

Kiwanja cha Moshi mjini hakina ndege nyingi, na sishauri kwenda kushinda hapo na watoto. Kinafaa kupitiwa mkiwa njiani, kwa ajili ya historia yake. Mwaka 1932, Imperial Airways ya Uingereza ilipofungua njia ya ndege kutoka London hadi Cape Town, Moshi ilikuwa miongoni mwa vituo, kati ya Nairobi na Dodoma. Miaka miwili kabla ya hapo, Januari 1930, rubani wa Uswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kilimanjaro na kuupiga picha kutoka angani. Mtoto anayeutazama mlima huo kila asubuhi akienda shule anaweza kuulizwa rubani yule aliona nini ambacho sisi wa chini hatukioni. Jibu ni shimo la kreta lililo kileleni Kibo.

Makumbusho ya ukutani

Jioni ya siku hiyo hiyo, kabla usingizi haujawachukua, wapeni watoto boksi la katoni, gundi na mkasi wa watoto. Kila mmoja atengeneze ndege moja aliyoiona kwa macho yake, si ya kwenye televisheni, na aipe namba ya usajili kutoka kwenye daftari. Sahihisheni vitu vitatu tu: bawa la Caravan liwe juu ya mwili, taa nyekundu iwe kushoto, na propela iwe mahali pake. Mengine waachieni, twiga mwenye miguu sita mkiani si tatizo. Chini ya kila ndege bandikeni kibao cha maelezo ambacho mtoto anakitaja na mtu mzima anakiandika, kwa maneno ya mtoto mwenyewe hata kama yana makosa, pamoja na tarehe na jina la kiwanja. Zining'inizeni kwa uzi juu ya kimo cha mdogo kuliko wote, la sivyo kufikia asubuhi mkusanyiko wote utakuwa umetafunwa.